Gramafoni Kwako, Spika Kwangu

3 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, na cherehani yangu bado ina pumzi.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu tulipogawana vitu vya marehemu baba hatujasalimiana, na mimi nimechoka kununiana. Lakini leo naomba ushauri tu. Unakumbuka mjomba alivyoamua, ili asilie mtu: gramafoni kwangu, amplifaya na spika kwako. Basi nimenunua amplifaya mpya na spika zake, zinawaka taa za kila rangi, lakini santuri inatoa sauti kama mbu! Halafu mwimbaji anayumba kama amelewa. Nifanyeje? Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia baba tochi akivitengeneza.

Mdogo wako, kitinda mimba

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila shemeji yako anakohoa na dawa hataki. Jana mwanafunzi wangu wa udereva kakanyaga mafuta akidhani ni breki, tukaingia kwenye ua wa watu. Nikakukumbuka wewe ulipokuwa ukijifunza.

Sikiliza. Sauti ya gramafoni huwa ndogo mno, kwa hiyo amplifaya lazima iwe na matundu maalumu ya kuchomekea gramafoni, yanayoikuza sauti hiyo. Hizo za mataa, nyingi hazina. Tafuta ya zamani, nzito, yenye skrubu ndogo nyuma ya kufungia ule waya mwembamba wa gramafoni. Usipoufunga, itanguruma. Huyo mlevi wako ni mkanda wa kuzungushia santuri. Umeweka mkanda gani?

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo tena. Dawa ya shemeji mtilie kwenye chai, asijue.

Mkanda ulikatika, nikaweka lastiki ya sketi. Usicheke! Amplifaya za zamani nimeziona madukani, nzuri tu, lakini nazishika naziacha. Hakuna hata moja yenye alama ya moto pale ulipoweka pasi juu ya ile ya baba. Yenyewe inafanya kazi gani huko kwako?

Mdogo wako

29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, kila nikishika kalamu kujibu swali lako naiweka.

Lastiki ya sketi! Mwana wewe! Nilicheka mpaka shemeji yako akasahau kukohoa. Amplifaya haifanyi kazi yoyote. Spika moja nimeiwekea chungu cha maua juu, nyingine analalia paka. Nilinunua gramafoni nyingine, ikaimba vizuri kabisa, na mimi nikaenda kulia jikoni. Nikairudisha dukani. Mjomba naye na hesabu zake za asilie mtu!

Nilikukasirikia kwa sababu ulikubali haraka. Nilitaka useme vikae pamoja. Jumamosi ijayo nakuja navyo vyote, na mkanda wa kweli. Usinunue kitu.

Dada yako

Jumamosi asubuhi, mlangoni

Dada,

Shikamoo, karibu nyumbani. Kuna bibi harusi kanenepa ghafla, nimeitwa kupanua gauni. Ufunguo uko kwa jirani, yule mama mwenye miwani. Chakula kiko kwenye sufuria, usinisubiri.

Na mimi siku ile nilikuwa nangoja wewe mkubwa useme hapana. Ulipoinama kubeba spika, nikajua hunitaki.

Mdogo wako

Jumamosi mchana, nyuma ya karatasi hiyohiyo, juu ya gramafoni

Mdogo wangu,

Marahaba. Niliinama ili usione machozi, mjinga wewe.

Nimejinyoosha chumbani, spika zimenivunja mgongo. Meza nimeisawazisha kwa sahani ya maji, kama alivyofanya baba. Waya nimeufunga, mkanda nimebadilisha. Lastiki yako iko kwenye cherehani, mrudishie mwenye sketi. Vyote vinabaki hapa, sirudi na hata waya mmoja. Nitakuwa nakuja kusikiliza, na utanichoka.

Santuri aliyoipenda baba nimeiweka tayari. Sindano sijaishusha, na wewe usithubutu kuishusha peke yako. Niamshe.

Dada yako, kifungua mimba