Ramazani Muvivu

Mujukuu wangu Zaina,

Huku Kasongo tuko wazima, na mama yako anavuna mupunga.

Unauliza kama umuwekee mutoto vyuma vya meno, maana bwana yako anasema ni urembo tu. Neno hilo limenikasirisha.

Kaka yangu Ramazani alikuwa na taya jembamba, meno yamepandana. Alilala kinywa wazi akikoroma, akaamka amechoka. Wakati wa Wabelgiji, kwenye shamba la pamba tuliyolimishwa kwa lazima, alisinzia amesimama na jembe. Kapita, musimamizi wetu, akamwita muvivu. Nyumbani wakamufunga taya kwa kitambaa, kama tunavyofunga maiti, ili kinywa kizoee kufumba. Akakivua akihema.

"Mama, puani hewa haipiti."

"Uvivu wako umefika mpaka puani," mama akamujibu.

Tulimuzika akiitwa Ramazani Muvivu. Hakuna aliyewahi kumuuliza analala namna gani.

Daktari wako ameuliza. Anasema taya la mutoto ni jembamba, na vyuma vinaweza kulipanua apumue na kulala vizuri. Mupeleke. Bwana yako akisema tena urembo, aje anitajie neno hilo kaburini kwa kaka yangu.

Bibi yako, Mwajuma