Marubani Wawili wa Viwanja Sitini

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo baada ya misa ya pili katekista ametangaza: familia ya Mzee Raimundi na Mama Balbina, yaani mimi na mke wangu, inamshukuru Mungu, kijana wao Evarist amepata kazi ya urubani. Makofi kanisa zima! Nje nimeshikwa mkono mpaka kiganja kikauma. Marubani wawili nyumba moja, na nyumba yenyewe iko huku mtaani Viwanja Sitini.

Jumamosi jumuiya ya waumini wa mtaa itasali hapa kwetu, sala ya shukrani, kisha wali. Evarist mwenyewe hatakuwepo. Yuko Dar, anasaini mkataba Jumatatu ya tarehe 11.

Miaka mitatu kijana ana leseni na hana ndege. Mwezi Mei alikuja kutusaidia kuvuna, vijana wa mashine za kukoboa mpunga wakambatiza jina: Kapteni Trekta. Yeye alicheka nao. Mimi sikuweza kucheka. Nilianza kupita njia ya nyuma nikienda sokoni.

Jioni Mama Balbina ameniuliza kama binti yetu Balbina anajua habari ya mdogo wake. Nimesema atajua. Lini? Akishasaini. Akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Niliweke jambo hili wazi, hata kama msomaji ni mimi peke yangu. Balbina, mkubwa wetu, ni rubani msaidizi wa Kwarara, kampuni ya ndege za mizigo. Evarist anaingia Kipanga, nayo ya mizigo. Kampuni mbili, mwenye mali mmoja: kampuni mama, ambayo inaimiliki Kwarara tangu zamani na mwaka jana ikainunua Kipanga. Sasa, marubani wa Kwarara wana mkataba wa hali bora, kati ya chama chao na kampuni, uliopatikana kwa jasho. Unasema mizigo yote ya Kwarara, na ya kampuni yoyote iliyo chini ya Kwarara, itarushwa na marubani walio kwenye orodha yao. Kinga nzuri. Lakini Kipanga haiko chini ya Kwarara. Iko ubavuni mwake. Ni dada, siyo mtoto. Na mama yao, ile kampuni mama, hakutia saini popote.

Mwezi uliopita Evarist aliniuliza, "Baba, hii si kazi ya kina dada Balbina?" Nilimweleza hivi hivi. Kisheria huvunji kitu, nikamwambia, saini. Nikamwambia pia asimshtue dada yake kwanza. Ni kijana msikivu.

Nimefanya kazi ya usuluhishi wa migogoro kazini maisha yangu yote. Najua ninachosema.

Jumanne, 5 Agosti

Balbina amepiga simu. Sauti imekauka.

Safari za Mwanza, za minofu ya samaki, zimeondolewa Kwarara. Zinakwenda Kipanga. Samaki wale wale, ghala lile lile, uwanja ule ule! Wanasema biashara imeshuka, kwa hiyo Kwarara itapunguza watu. Wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Na Balbina yuko mkiani mwa orodha, akiwa na miaka sita kazini.

"Baba, biashara haijashuka. Imevuka barabara tu."

Chama chao kinataka orodha moja kwa kampuni zote mbili, na kampuni mama ije mezani isaini yenyewe. Kampuni mama haitaki. Wana silaha moja: Kipanga bado haijapata marubani wa kutosha kuanza. Vijana wenye leseni wakikataa kusaini kwa sasa, itabidi tajiri akae chini azungumze. Wakisaini, basi. Balbina na wenzake nje.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo nilikuwa nao.

Akaendelea: "Hawa vijana wanaogopa, na kuna watu wanawadanganya eti sheria inaruhusu. Baba, wewe unajua kueleza. Nirekodie voisi, dakika chache tu, niiweke kwenye grupu. Wewe watakusikiliza."

Nikasema sawa.

Nikasema sawa! Nimeandika mara mbili ili nilione.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerekodi chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya majogoo wa jirani. Mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili ikatoka vizuri sana, na hilo ndilo linalonisumbua.

Nilitumia mfano wa mashine za kukoboa mpunga. Tajiri ana mashine, wafanyakazi wake wamekubaliana naye: mpunga wako wote tutakoboa sisi. Tajiri ananunua mashine ya pili ng'ambo ya barabara, anaandika jina lingine getini, analeta vibarua wa bei nafuu. Halafu anawaambia wale wa kwanza, poleni, mpunga mwaka huu haba. Na malori yanaonekana kwa macho yakikata kona kuingia geti la pili! Nikasema: wanangu, msisome jina lililoandikwa getini, tazameni faida inakwenda mfuko gani. Kibarua anayeingia geti la pili leo, kesho tajiri atafungua geti la tatu, naye aachwe nje. Msisaini.

Mama Balbina alikuwa ukumbini. Nilipotoka ameniuliza:

"Unawaambia watoto wa watu wasisaini?"

"Naeleza tu."

"Na wetu je?"

Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Ameniangalia kama anavyomwangalia muuza samaki anayeapa.

Nimetuma. Balbina amejibu kwa mioyo mingi myekundu na neno moja: Asante.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee Gasper alipita asubuhi. Mngoni, mstaafu wa reli ya TAZARA, mtani wangu mimi Mpogoro tangu tulipohamia mtaa huu. Tulikunywa chai. Nami — sijui nilikuwa nataka nini — nikamsikilizisha ile sauti. Nadhani nilitaka sifa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mpogoro wangu, kumbe una akili, umezificha wapi siku zote?" Nikafurahi! Mzee mzima.

Mchana simu ya Evarist.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, sauti yako iko kwenye grupu la marubani."

Nikakaa.

Hakufoka. Anaongea taratibu, kama mama yake. Kasema wenzake watatu waliokuwa wasaini naye Jumatatu wameahirisha baada ya kunisikia. Hawajui kwamba ni baba yake. Mmoja amemwambia, huyu mzee kanitoa machozi. Kisha akaniuliza afuate lipi, nililomwambia yeye mwezi uliopita au nililowaambia wenzake jana.

Nikasema nitampigia.

"Lini, baba?"

"Nitakupigia."

Watu hudhani mtu aliyesema mawili amedanganya mojawapo. Mimi yote mawili niliyasema kwa dhati, kila moja mbele ya mtu wake. Ofisini hiyo ilikuwa sifa: kumwelewesha mwajiri kwa lugha yake na mfanyakazi kwa lugha yake. Lakini mle ofisini hapakuwa na mtoto wangu. Na sikuwahi kumwambia upande mmoja auvizie upande wa pili.

Huo ndio ukweli wake. Nilimwambia mdogo amvizie dada yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Sikupiga.

Mchele umechambuliwa, kuku watatu wamenunuliwa. Mama Balbina anauliza kama sala ya kesho ipo. Nimesema imeshatangazwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nijaribu kuandika kwa mpangilio.

Jumuiya walifika saa nne. Mama Yosefina, mwenyekiti, aliongoza. Somo, nyimbo, maombi. Aliombea "kijana wetu Evarist, Mungu amshike mkono angani", watu wakaitikia. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

Tumeanza kupakua wali, bajaji ikasimama nje. Balbina! Mkoba mmoja mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipanda treni jana mpaka Morogoro, akalala kwa rafiki yake, asubuhi akadandia gari. Hakusema anakuja. Alitaka kunishukuru ana kwa ana. Hayo niliyajua baadaye, kwa mama yake.

Mama Yosefina akampokea kwa vigelegele. "Na rubani wa kwanza huyu hapa! Kaja kumpongeza mdogo wake!"

"Shikamoo mama. Kumpongeza kwa lipi?"

"Heee, anajifanya hajui! Si kazi ya Kipanga?"

Balbina alikuwa anatabasamu. Tabasamu likabaki limesahauliwa usoni, halina mwenyewe. Akanitafuta kwa macho. Mimi nikaanza kumkaribisha mtu kuku ambaye tayari alikuwa na kuku.

Labda ingeishia hapo, tungezungumza chumbani kama watu. Lakini mtani hana chumba. Mzee Gasper akasimama na sahani yake mkononi.

"Jamani, nisaidieni! Alhamisi Mpogoro huyu kanikalisha kwenye kiti kile pale, kanisikilizisha anawahubiria watoto wa wenzake: msisaini Kipanga, msisaini, mtakula kazi za wenzenu! Nikalia, mimi, Mngoni! Leo naitwa kula wali. Wa nini? Wa mtoto wake kusaini Kipanga! Raimundi, watoto wa wenzako wafunge, wako ashibe? Leteni paja jingine, nalipwa fidia!"

Kicheko. Nyumba nzima. Mzee mmoja alipaliwa na wali.

Utani wetu unajulikana: mtani akikusema hukasiriki. Ukikasirika umejihukumu. Basi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikampelekea Gasper paja la pili kwa mkono wangu mwenyewe, watu wakapiga makofi. Na Gasper aliponiona karibu, uso wangu ulivyo, naye akaacha kucheka. Akasema polepole, "Kumbe ni kweli?" Alidhani kuna maelezo. Mimi siku zote nina maelezo.

Balbina hakucheka. Aliwasalimu wazee wote, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, hakuruka hata mmoja. Akaenda jikoni kuosha vyombo na wanawake.

Jioni mama yake kamweleza yote. Niliwasikia sauti, siyo maneno. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikaa na mifupa ya kuku mezani mpaka Mama Balbina akaja kuiondoa.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Asubuhi Balbina kanipa shikamoo yangu kama kila siku, kaniwekea chai. Sukari kaikumbuka. Afadhali angenitukana.

Akakaa mbele yangu. Gari lake linaondoka saa nane.

"Baba, Jumanne kwenye simu nilisema kuna watu wanawadanganya vijana kwamba sheria inaruhusu. Ulikuwa ni wewe?"

Nikasema sheria yenyewe, ukiisoma ilivyo—

"Baba."

Nikasema ndiyo.

Akaniambia hakuja kuniomba nimzuie Evarist. Evarist ni mtu mzima, na hata yeye Balbina amemwona mdogo wake akikaa miaka mitatu bila ndege, limemuuma. Angemwambia mwenyewe, wangeamua wawili. Nafasi hiyo ndiyo niliyowanyang'anya. Sasa mdogo wake amekaa Dar anasubiri baba aseme, na kesho ndiyo siku.

"Mpigie. Nikiwepo."

Nikapiga. Akaiweka simu mezani, sauti juu.

"Shikamoo baba. Nilikuwa nasubiri."

"Marahaba. Dada yako yupo hapa."

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Eva. Umekula?"

"Bado."

Nikakaa sawa, nikaanza: wanangu, jambo hili lina pande mbili, upande wa kwanza ni—

Balbina akaweka mkono juu ya meza, karibu na wangu, bila kunigusa.

"Baba, usieleze. Sema. Wewe unaona asaini au asisaini?"

Nikisema asaini, ile sauti kwenye grupu ni ya mnafiki, na vijana watatu walioahirisha kwa ajili yangu nimewauza, na binti yangu nimemtoa kazini kwa mdomo wangu. Nikisema asisaini, kijana wangu anarudi kuitwa Kapteni Trekta, na ni mimi niliyemwambia saini, na kanisa zima limepiga makofi. Nimesuluhisha watu maisha yangu yote na sikuwahi kuulizwa mimi naona nini. Nilikuwa nawauliza wao.

Nikasema subirini, nichukue miwani chumbani.

Niko chumbani. Mlango nimeurudishia. Miwani ninayo usoni, ningeandikaje hivi bila miwani? Naye Balbina aliiona.

Nawasikia. Balbina na ile simu, wanaongea polepole. Hawagombani. Evarist anauliza hali ya mama. Balbina anamwambia ale kwanza.

"Baba," anaita Balbina. "Hatujakata simu."

Nimeitikia nakuja. Nimeitikia kwa sauti nzuri, ya mtu anayeinuka. Kalamu bado iko mkononi.