Uso Haukuingia Kwenye Picha

Mpenzi wangu Mama Chepkoech,

Kwanza watu wajue: mimi ndiye niliyekufundisha kukimbia.

Haya, usigeuke huko chini, udongo bado mbichi. Nimedanganya. Ulikuwa ukinipita na kikapu cha majani chai mgongoni, ukiwahi lori pale kituo cha kupimia majani, mimi mikono mitupu nahema kama ng'ombe aliyepanda mlima. "Baba Chepkoech, nikubebe na wewe?" Ukauliza hivyo mbele ya wanawake wote!

Unakumbuka mashindano ya mbio ya Litein, mwaka ule wa kura za vyama vingi? Walikupa kaptura ukaikataa, halafu ukaivaa. Ukavua kitambaa cha kichwa ukanipa. "Nishikie kidogo." Mpiga picha wa gazeti alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi.

"Huyo anaumwa tumbo?" ukaniuliza.

"Anaomba," nikakujibu.

Ukashinda huku unacheka. Kitambaa ukakisahau mfukoni mwangu, na nilipokukumbusha ukasema kikae tu, utakidai siku nyingine.

Gazeti likatoka na picha yako: kutoka kiunoni mpaka kwenye kiatu. Chini wakaandika habari ya mapaja ya kupendeza. Jina lako halikuwapo, wala kwamba ulishinda. Mwenye bucha akaikata picha akaibandika juu ya mizani. Jumamosi tukaenda kununua matumbo, ukasimama chini ya miguu yako mwenyewe.

"Mzee, ukiwa na miguu kama hii nyumbani utalala kweli?" yule mkata nyama akanichokoza.

"Silali," nikasema. "Inakoroma."

Bucha nzima ikacheka. Wewe hukucheka. Tulipofika njiani ukasema, "Wanajua miguu yangu, lakini hakuna aliyenisalimu." Tangu hapo ulikimbia kabla ya jua, kwa sketi ndefu, mpaka kifua kikakushika.

Sasa sikia shida yangu. Kitambulisho chako chifu amekichukua, eti mtu akifa lazima kirudishwe. Picha nyingine hatukupiga. Tulisema studio ni ya watu wa mjini. Nikaenda bucha nikaomba ile ya gazeti, nikaibandika juu ya kitanda.

Nilikosea. Asubuhi ukungu ukishuka, nakuona kwenye kile kijia cha kwenda kituoni. Ni miguu tu inayokuja. Huko juu ni ukungu. Nakuita, miguu inasimama, halafu inaenda zake. Lile kovu la nyusi lilikuwa kushoto au kulia? Nilimuuliza Chepkoech, akaanza kulia, nikajifanya ulikuwa mzaha.

Kitambaa bado kiko mfukoni. Ulisema kidogo, mama, na mimi nimeshika vya kutosha. Kesho ukipita, kichukue. Ila tafadhali, njoo na kichwa cha kukifunga.

Ni mimi, niliyebaki nyuma nikihema,
Baba Chepkoech