Bakuli la Babu yake Meilin

Jumapili, baada ya chakula

Dada Nafula, hujambo? Wasalimie wote hapo Komarock.

Leo nimealikwa kwao Meilin, mwenzangu wa mafunzo, anayeandika kumbukumbu za ukoo wao. Wanakaa ghorofani juu kabisa. Kabla hatujala, bibi yake alimwekea marehemu mumewe bakuli la wali na samaki, kama ilivyo desturi yao, kisha akawasha ubani wa umeme, vijiti vyenye balbu nyekundu, maana moshi umekatazwa humo.

"Mzee atadhani nimemfungulia baa," alinung'unika. Meilin akacheka, akaandika.

Halafu bibi akaniuliza kupitia kwa Meilin, "Na babu yako alipenda chakula gani?"

Nikasema ugali. Nilibahatisha tu. Dada, nimewaonea wivu mpaka samaki akanishinda. Wao wanajua hata marehemu alichukia tangawizi. Sisi Kukhu, bibi yetu, tulimzika bila kumuuliza lolote kuhusu mumewe.

Amebaki Baba, na ameanza kusahau. Ukiipata kadi hii, keti naye umuulize baba yake alipenda kula nini. Akikuambia unamsumbua, mpikie chai umuulize tena.

Nawapenda, na nimewakumbuka sana.

Mdogo wako, Nekesa