Mke wa Syokimau

Mutuini, Dagoretti,
Nairobi.
9 Novemba 2025.

Mpendwa Mjomba Ndambuki,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Perth, na kwamba lile goti ulilofanyiwa upasuaji limekuachia utembee. Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mvua imechelewa na mahindi yamedumaa. Mama anaendelea na dawa zake za presha kule kwake Hurlingham, na kanisani hakosi. Mimi nakula, nalala, naamka. Nikiulizwa ninajisikiaje sina jibu, basi nasema salama.

Ujumbe wako wa pole tuliupata, na hakuna anayekulaumu kwa kutofika. Nyanya Kanini alizikwa hapa shambani tarehe kumi na tisa Agosti, kando ya kaburi la Nyanya Syokimau. Sikulia. Mama mmoja wa kanisa alinishika mkono akaniambia machozi yatakuja. Nimeyangoja mpaka nimeacha kuyangoja.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo sikuweza kulisema kwa simu.

Unajua nilirudi chuo kikuu, kule katikati ya mji, kusomea uzamili wa sosholojia. Eneo langu ni jinsia na ujinsia. Nilipomwambia Mama, alidhani nimejiunga na kundi baya. Kumbe ni kazi ya kukaa na watu na kuwauliza mambo ambayo kila mtu anadhani anayajua: nani anaitwa mume na kwa nini, nani aliamua, na asiyetoshea jina alilopewa anafanywa nini. Siku ya kwanza tulifundishwa kwamba mwili uliozaliwa nao ni kitu kimoja, na nafasi ambayo watu wanakupa kwa sababu ya mwili huo ni kitu kingine. Niliandika hivyo daftarini nikaona nimeelewa.

Siku moja darasani tulizungumza kuhusu ndoa za mwanamke kwa mwanamke. Mwenzangu mmoja, Lenox, akasema, "Hizo ni vitu za kuletwa na ndege." Nikamjibu kwamba Ukambani zilikuwako kabla ya ndege, na mke wa namna hiyo ana jina lake, iweto. Mwalimu wangu, Dkt. Muthoni, akasema basi nimepata utafiti wangu. Nikaenda Machakos na Makueni, nikawapata wazee kumi na mmoja walioolewa hivyo, nikarekodi sauti zao.

Mwezi wa tano nilikuwa nimekaa hapa nje nikipanga karatasi zangu. Nyanya Kanini alikuwa akichambua maharagwe. Akaniuliza maswali hayo ni ya nini, nikamweleza. Akachambua tena kidogo.

"Sasa unaenda mbali hivyo kutafuta nini, na mimi niko hapa?"

"Uko hapa vipi, Nyanya?"

"Mimi niliolewa na Syokimau."

Mjomba, sisi wajukuu tuliambiwa kwamba Syokimau alikuwa mke mkubwa wa Babu Nzioka, na Kanini mke mdogo. Kumbe Nzioka alikufa 1958, na Nyanya Kanini akaja mwaka wa uhuru. Hawakuwahi kuonana. Syokimau alikuwa mjane asiye na mtoto, mpishi katika nyumba ya wazungu Loresho. Alikwenda kwa wazazi wa Kanini na wazee wawili, akapeleka mbuzi kama mwanamume yeyote, akaoa. Wewe na Mama mkazaliwa, mkaitwa wa Nzioka ili nyumba ile isife. Pengine wewe haya unayajua. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimesomea jambo hilihili, na sikuyajua.

Nilimsomea karatasi ya ridhaa kama ninavyowasomea wengine, akabonyeza kidole gumba. Tulizungumza siku tatu. Nilikuwa na swali kama walipendana na wenzao. Wengine walikuwa wamelicheka swali hilo. Yeye alisema, "Syokimau alikuwa bwana wa hii nyumba. Akikaa, anakaa kiti ya wanaume. Hakunipiga hata siku moja. Majirani wangu wote walipigwa. Wewe umesoma, niambie hiyo inaitwa nini."

Nikauliza kama walilala pamoja. Akasema nyumba ilikuwa na kitanda kimoja, nami sikuchimba. Nilimwuliza pia habari za baba yenu wa damu. Akasema, "Hiyo usiandike." Hakumtaja, na sikuandika.

Kisha akanisimulia habari yako. Ulikuwa darasa la nne. Mwalimu aliwapa karatasi mjaze jina la baba, wewe ukaandika Syokimau. Akakuchapa, akakupa karatasi nyingine, ukaandika Syokimau tena. Nyanya aliposimulia hayo alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema akifa anataka iandikwe kwenye jiwe lake: mke wa Syokimau.

Alikuwa amebakiza miezi mitatu tu ya kuishi, ingawa hatukujua.

Wakati wa matanga tulikutana sebuleni kwa Mama kupanga mazishi. Wasifu ulipofika kwenye ndoa, Mama akasema iandikwe mjane wa marehemu Nzioka. Nikamwambia kile Nyanya alichotaka. Akawaomba wageni watupishe kidogo, akafunga mlango.

"Nimekuwa binti ya Nzioka miaka hamsini na saba," alisema. "Leo mbele ya kanisa lote unataka niwe binti ya nani?"

Niliikunja karatasi ya wasifu.

"Hiyo sauti uifute, Jacklyne. Na hiyo kitabu yako, umtoe ndani."

Mimi ndiye niliyesoma wasifu kaburini. Niliusoma ulivyoandikwa. Mjane wa marehemu Nzioka. Sauti yangu haikutetemeka, na watu walinisifu kwa kusoma vizuri.

Wiki iliyofuata nilikuwa maktabani na visikizi masikioni, nikiandika maneno yake kutoka kwenye sauti. Niliandika yote, hata kikohozi nilikiweka. Mkono uliandika tu. Nilimweleza Dkt. Muthoni mambo ya Mama. Akasema ruhusa aliitoa Nyanya mwenyewe, lakini watakaoishi na maandishi hayo ni sisi, kwa hiyo uamuzi ni wangu. Nikamtoa. Wakabaki wale kumi na mmoja.

Mwezi uliopita niliitetea tasnifu. Mtahini mmoja aliuliza kwa nini hakuna hata mzee mmoja wa Nairobi. Nikasema, "Sikumpata." Wakaniambia nimefaulu, wakanipa mikono. Nikateremka hadi barabarani, nikaingia hoteli moja, nikanywa chai na mandazi ambayo hayakuwa na ladha yoyote. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimemkana Nyanya mara mbili, kaburini na mbele ya watahini, na hiyo mara ya pili hakuna aliyenituma.

Nilikwenda moja kwa moja Hurlingham kumwambia Mama kwamba amesikilizwa. Nilidhani atafurahi. Alivua miwani akaishika mapajani.

"Mimi nilimwita Syokimau Baba mpaka nilipoanza shule," alisema. "Watoto wakanicheka. Siku hiyo nikarudi nyumbani nikamwita Mama Mkubwa. Akaitika tu. Hakuniuliza kitu. Aliitika hivyo mpaka akakufa."

Mama alilia, nami nilimtazama akilia, nikaenda kumletea maji. Alipoweza kuzungumza alisema jiwe la Nyanya Kanini bado halijaandikwa, na yeye mwenyewe hawezi kusema liandikwe nini. Alisema wewe ndiye mkubwa, na hukumwogopa mwalimu. Utakachosema kitaandikwa, na kanisani atawajibu yeye.

Sauti sikuifuta. Mama hajaiulizia tena.

Mjomba, miaka miwili nimesomea maana ya kuitwa mume na kuitwa mke, na siku niliyotakiwa kulitamka neno moja sikulitamka. Sikuombi uniondolee hilo. Naomba ukae, uandike maneno ya jiwe kwa mkono wako, uyatume. Fundi yuko tayari. Iwe ni jina na miaka tu, au iwe ni yale aliyoyataka mwenyewe, tutayaandika kama yalivyo.

Nisalimie Anti Debra na watoto wote. Mama anakusalimu sana, na jirani yetu Mzee Kinyanjui ananiuliza habari zako kila akinikuta njiani. Mungu wa nyumba hii, aliyekulinda ulipokuwa mdogo, akulinde na uzeeni.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokuwa sihisi kitu,

Jacklyne