Kiti Chako Mezani

Kaka yangu,

Heri ya Krismasi, ingawa imeshapita. Sisi wazima. Cherehani ya Baba imeshika kutu. Siku hizi wanangu wanaikanyaga wakijifanya madereva. Kwaya iliimba ovyo kama kawaida, Mama angekuwepo angecheka.

Mezani tulitoa shukrani kama alivyotuzoesha yeye, kuanzia mdogo hadi mkubwa, kabla ya mtu kugusa chakula. Kiti chako huwa tunakiacha wazi, ila safari hii wageni walizidi, mume wangu akakikalia. Zamu ya Baba ilipofika, akamshika mkono.

"Namshukuru Mungu umerudi, mwanangu. Nilikosea kukufukuza. Nisamehe."

Siku hizi anatuchanganya sura na majina. Sikutaka kukuambia kwa simu. Shemeji yako alinitazama, kisha akamjibu taratibu, "Yameisha, Baba." Tukasema amina, tukala.

Neno uliloapa kulisubiri limeshasemwa, kaka, na mwingine amelipokea. Ungekuja tu, hata kwa kununa!

Mzee sasa analala vizuri. Haulizi tena utakuja lini.

Ni mimi, dada yako