Kibahasha kilichoandikwa KICHWA

Zubeda, nimechoka shoga yangu. Tupo Mbezi Luis, basi la Morogoro hata halijatoka.

Mume wangu Badru kavitoa vidonge vyake vya nguvu za kiume kwenye pakti, kavitia kwenye kibahasha, kaandika KICHWA. Eti asiaibike safarini!

Mama yangu kichwa kikamuuma, akafungua begi letu mwenyewe. Mgonjwa wa moyo, Zubeda! Kidonge kile kingemuua!

Kidonge kishaingia mdomoni, Badru anapiga kelele: "Mama, tema! Hiyo ya nguvu za kiume!"

Basi zima likageuka.

Mama katema. Kanigeukia mie: "Kumbe nakunywesha mizizi ya uzazi bure?"

Nilikuwa nainywa ili siri ya mume wangu isitoke.

Badru kaniuliza taratibu: "Mizizi gani, Najma?"

Nimwambie nini, shoga?